Barua ya wazi: Mwajiri halali aache kufanana na tapeli

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Inspekta Jenerali wa Polisi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na wakurugenzi wa kampuni za simu zinazotoa huduma za fedha.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi ambao ajira ndiyo kazi yetu ya kila siku. Wengine wetu ni maofisa rasilimali watu, wengine ni washauri wa vijana wanaosaka kazi. Kila mara mnawaonya wananchi wawe makini na matapeli wa ajira, na hatulipingi onyo hilo. Tatizo ni kwamba linamtwisha mzigo wote mtu mwenye taarifa chache kuliko sote, yaani kijana anayesoma tangazo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka akiwa Tandika au Nyegezi. Mwajiri halali, ambaye mwenendo wake ndio unaompa tapeli pa kujificha, onyo halimgusi kabisa. Tapeli wa ajira hahitaji kuwa hodari. Inatosha afanane na sisi, na sisi tumemrahisishia.

Chukueni ujumbe wa aina hii, ambao huzunguka kwa maneno yanayobadilika kidogo tu:

"HONGERA. Umepita mchujo nafasi ya KARANI WA GHALA, mshahara 780,000. Fika Jumatatu na barua ya serikali ya mtaa na picha 2. Lipia sare na kitambulisho 37,500 leo kabla ya saa 10 jioni kwa namba ya Mhasibu. Simu ya ofisi ina hitilafu, tumia WhatsApp."

Kila kipande hapo kina kazi yake. Mshahara umepimwa: ungekuwa milioni tatu, msomaji angeshtuka. Barua ya serikali ya mtaa na picha mbili ni vitu ambavyo waajiri wa kweli huviomba, kwa hiyo vinaupa ujumbe mzima harufu ya ofisi. Ile 500 iliyoning'inia kwenye 37,500 ipo makusudi. 40,000 ingesikika kama mtu anaomba, lakini 37,500 inasikika kama bei iliyopigiwa hesabu. Saa 10 jioni imewekwa ili mtu asipate nafasi ya kumuuliza mjomba wake au kupanda daladala hadi hiyo ofisi. Hitilafu ya simu inaziba njia ya mwisho ya kuhakiki. Akishatuma, kesho yake vinakuja vipimo vya afya, 45,000. Halafu mafunzo ya siku tatu. Halafu nauli ya gari la kampuni litakalowapitia stendi. Kiasi kinapanda kila mara, naye analipa cha pili ili cha kwanza kisipotee.

Sasa wekeni kando yake tangazo letu sisi halali. "Kampuni inayokua kwa kasi inatafuta maofisa mauzo." Jina la kampuni halipo. Barua pepe ni ya Gmail. Namba ni ya mkononi, ya ofisa mmoja, na akihama kampuni anahama nayo. Mwombaji anatakiwa kutuma nakala ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vyote, na namba za simu za wadhamini watatu kabla hata mchujo haujaanza. Chini tunaandika kwamba watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa, kisha tunanyamaza miezi minne. Mtu akimpigia yule mwombaji baada ya miezi hiyo minne kwa namba asiyoijua na kumwambia amechaguliwa, ashtuke kwa lipi? Hivyo ndivyo hata sisi tungempigia. Tena wapo kati yetu wanaomkata mwajiriwa mpya hela ya sare, na wanaomwambia akajipime afya kwa gharama yake, ilhali Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwisha mwajiri wajibu wa kupima afya za wafanyakazi wake. Mwajiri anayefanya hivyo anamfundisha kijana kwamba kulipia kazi ni kawaida.

Ombi letu la kwanza, Mheshimiwa Waziri, linatuhusu sisi wenyewe: tubaneni. Tangazo la kazi lisiruhusiwe kutoka bila jina la mwajiri kama lilivyosajiliwa, anuani ya mahali ofisi ilipo, barua pepe yenye jina la taasisi, na sentensi moja inayosema mwombaji hatalipa chochote katika hatua yoyote. Kila tangazo lipewe namba ya uhakiki na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na namba hiyo iweze kuulizwa kwa kubonyeza nyota na reli kwenye simu ya kitochi, bila intaneti. Majibu yatoshe kwenye ujumbe mmoja: mwajiri fulani, nafasi fulani, mwisho wa maombi tarehe fulani. Mfumo wa kuhakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa jina lako, kwa kubonyeza *106#, umekwisha kuonyesha kwamba jambo la namna hii linawezekana hata kwa mtu asiye na bando.

Lipo pia suala la majina. Taasisi zinapotoa orodha za walioitwa kwenye usaili katika faili ambalo kila mtu anaweza kulipakua, zinampa tapeli jina kamili, nafasi iliyoombwa na tarehe ya usaili. Kilichobaki ni kuitafuta namba ya simu, na Facebook inatosha kwa hilo. Simu inayoanza kwa jina lako la tatu na kutaja nafasi uliyoomba ni vigumu kuitilia shaka. Orodha za hadharani zibaki na namba ya mwombaji peke yake. Jina alione mwenyewe akiingia kwenye akaunti yake.

Tufike kwenye jambo ambalo wengi hulizunguka, nalo ni koneksheni. Kijana aliyemaliza chuo ameambiwa na kila mtu, kuanzia shangazi yake hadi kinyozi wake, kwamba bila mtu wa ndani jina halipiti. Kwa hiyo akipigiwa na "mtu wa ndani" anayetaka 300,000 ya kusukuma faili, hashangai. Ameuona mlango ambao siku zote aliambiwa upo. Anakopa kwenye kikoba, mama anauza mbuzi, hela inatumwa. Tapeli anajua kwamba huyu hatakwenda polisi, maana kwenda polisi ni kukiri kwamba alitaka kuhonga, na kulihakikisha hilo anamtisha mapema: "Iwe siri, ukisema utaharibu nafasi na wewe utaingia matatani." Utapeli wa aina hii unaweza kudumu miaka mingi bila faili hata moja kufunguliwa.

Tunaiomba TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na Jeshi la Polisi watoe tamko la pamoja, la maneno mepesi, redioni na kwenye mbao za matangazo za kata: aliyelipa kwa mtu aliyejifanya ofisa wa serikali au wa kampuni atapokelewa kama mtu aliyeibiwa. Kama kuna ofisa wa kweli nyuma yake, hilo ni jambo la 113, namba ya simu ya TAKUKURU, na la Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na huyo kijana ndiye shahidi wenu. Mkimtisha, mmempoteza.

Kuhusu mawakala binafsi wa ajira, msingi ulikwisha kuwekwa. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ni ya mwaka 1999, na kanuni za mawakala binafsi za 2014 zinamtaka wakala alipwe na mwajiri, asimtoze anayetafuta kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema hivyo hivyo katika ibara ya 7. Kinachokosekana ni macho ya mwananchi. Wakala akiulizwa kibali, anatoa cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, kilichowekwa kwenye fremu, na mteja anaridhika. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. Kampuni ya kuuza mitumba nayo inacho. Kibali cha uwakala wa ajira ni karatasi nyingine, inayotoka kwa Kamishna wa Kazi, na ina muda wake wa kuisha. Wekeni hadharani orodha ya wenye kibali hai, pamoja na waliofutiwa na tarehe walizofutiwa, na isasishwe kila wiki. Orodha ya mwaka jana kwenye tovuti ina madhara kuliko kutokuwa na orodha, maana wakala aliyefungiwa anaitumia kama ushahidi.

Wanaopeleka watu Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu wanahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu kosa la huko halirekebishiki kwa kupanda basi kurudi nyumbani. Mambo ya kukaguliwa yanajulikana. Mkataba uwe na jina na anuani ya mwajiri mwenyewe, kwa kuwa wakala si mwajiri. Mshahara utajwe kwa sarafu ya huko. Siku ya mapumziko itajwe. Iandikwe nani analipa tiketi ya kurudi, na pasipoti itakaa kwa nani. Mkataba uwe katika lugha anayoisoma anayesaini, na nakala moja ibaki nyumbani kwa ndugu, kabla ya safari. Kisha viza: anayepelekwa kwa viza ya mtembezi na kuahidiwa kwamba "itabadilishwa ukifika" anapelekwa mahali ambapo hana haki ya kufanya kazi, na asiye na haki ya kufanya kazi hana pa kulalamika mshahara usipolipwa. Aliyeahidiwa hoteli akakuta nyumba ya watu tisa ya kufua na kupikia, naye tayari amenyang'anywa pasipoti pale pale uwanja wa ndege, ameingia kwenye eneo la Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya 2008. Maofisa uhamiaji walioko kwenye viwanja vya ndege vya JNIA, Dar es Salaam, na Zanzibar waulize swali moja tu, "Mwajiri wako anaitwa nani?", na wampe muda wa kujibu bila wakala kusimama pembeni.

Hapa lazima turekebishe onyo ambalo sisi wenyewe tumelirudia mno: kwamba ukiombwa hela, ni tapeli. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Waliovutwa kwenda kwenye vituo vya utapeli vya Myawaddy, Myanmar, ng'ambo ya mto Moei ukitokea Thailand, aghalabu hawakuombwa shilingi. Walikatiwa tiketi, wakapewa hoteli ya Bangkok, wakaambiwa ni kazi ya kompyuta na huduma kwa wateja. Walipovuka mto ndipo wakawekwa nyuma ya uzio na kulazimishwa kuwatapeli watu wengine mtandaoni. Mwajiri asiyekufahamu, ambaye hakuulizi umewahi kufanya nini, anapima tu kasi yako ya kuchapa na Kiingereza chako kwa dakika kumi, kisha anakukatia tiketi ya milioni kadhaa, huyo anapaswa kutisha kuliko anayeomba 37,500.

Kuna pia kazi za nyumbani za kwenye Telegram. Unalaiki video, unapewa 3,000. Unalaiki tena, 5,000, na inaingia kweli kwenye simu yako. Hicho ndicho chambo. Siku ya tatu kuna "kazi ya ngazi ya juu" inayotaka uweke 50,000 ili upate 80,000. Salio linapanda kwenye ukurasa wao, namba nzuri za kijani, lakini ukurasa huo ni wao na namba hizo wanaziandika wenyewe. Ukitaka kutoa, unaambiwa lipa kodi kwanza. Hakuna kodi inayolipwa kwa laini ya mtu binafsi. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, ile watu wanayoiita kontroo namba, na likionekana jina la mtu unapokaribia kuweka namba ya siri, malipo hayo hayaendi serikalini.

Ya hatari zaidi ni kazi inayoitwa "wakala wa malipo kutoka nyumbani". Kijana anaambiwa apokee fedha kwenye laini yake, abaki na asilimia tano, nyingine azitume mbele. Fedha hizo ni za mtu mwingine aliyekwisha kutapeliwa. Polisi wakifuatilia wanafika kwa kijana, maana jina lake ndilo lililosomeka, naye anajikuta akijibu maswali ya utakatishaji fedha huku bosi wake akiwa ni picha ya WhatsApp. Tumuombe Inspekta Jenerali: wapelelezi wasikomee kwenye jina la kwanza wanalolikuta. Mara nyingi ni la mtu aliyedhani ameajiriwa, au la bibi wa kijijini ambaye laini imesajiliwa kwa kidole chake bila yeye kujua, alipoambiwa "weka tena mama, haijasoma".

Taarifa binafsi ndizo mtaji wa haya yote. Fomu bandia ya maombi ya kazi inakusanya kwa usiku mmoja namba za NIDA, majina ya wazazi, picha na namba za simu za watu mia. Hata asiyelipa shilingi ameacha kitu. Wapo wanaoombwa "namba sita zilizoingia kwa ujumbe, ni za kuthibitisha usaili". Wakizitaja, WhatsApp yao imekwenda, na dakika hiyo hiyo ndugu zao wanaanza kuombwa hela. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Tume itoe mwongozo kwa waajiri: hatua ya maombi ni jina, mawasiliano, elimu na uzoefu, hakuna zaidi. Namba ya NIDA na nakala za vyeti ziombwe kwa aliyefika hatua ya kupewa ofa. Waajiri wote wakifuata hilo, fomu inayoomba NIDA siku ya kwanza itajifichua yenyewe.

Sasa fedha, mahali ambapo dakika ndizo zinazoamua. Aliyetapeliwa anagundua, tuseme, baada ya dakika ishirini. Anapiga huduma kwa wateja. Anasubiri muziki uishe. Anaambiwa alete RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Anakwenda kituoni, foleni, anaeleza, anaambiwa mpelelezi katoka, arudi kesho. Wakati huo fedha imekwisha kuhamia laini ya pili, ya tatu, na kutolewa kwa wakala mkoa mwingine. RB inapopatikana inahusu salio la sifuri. Utaratibu huu umepangwa kinyume: kwanza izuiwe, kisha ithibitishwe. Tunaomba mlalamikaji akipiga simu kutoka laini ile ile iliyotuma, na kutaja namba ya muamala, kiasi hicho kizuiwe hapo hapo kwa saa 72 kokote kilipo ndani ya mitandao yote, na RB iletwe ndani ya saa hizo. Asipoileta, fedha iachiwe. Anayehofia kwamba watu watazuia malipo halali kwa hila ana hoja, na jibu lake ni adhabu kwa anayedanganya, kwa kuwa jina lake na kidole chake vipo kwenye laini hiyo.

Na RB zenyewe ziunganishwe. Mtu mmoja mwenye laini mbili anaweza kuwaibia watu mia mbili, kila mmoja 37,500, kutoka Songea hadi Bukoba. Kila kituo kinaona kesi ndogo isiyostahili mafuta ya gari. Ikitafutwa kwa namba ya simu iliyopokea, ni kesi moja ya milioni saba na nusu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatosha kuishughulikia. Vilevile, anayetuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, ajibiwe: imefungwa, au imepokewa na watu wangapi wengine wamelalamika. Ukimya ndio unaowafanya watu waache kuripoti.

Kwa vijana watakaoisoma barua hii kabla yenu, hatua zetu ni chache na hazizidi robo saa. Ipigie kampuni kwa namba uliyoipata kwingine, usitumie iliyomo kwenye tangazo. Soma anuani ya barua pepe herufi kwa herufi, maana "rn" hujifanya "m". Anuani za .go.tz ni za taasisi za serikali, lakini hakikisha .go.tz ndiyo inayomaliza, isiwe imebandikwa katikati ya jina jingine. Maombi ya kazi za serikali kupitia Ajira Portal hayalipiwi. Uliza usaili uko jengo gani, ghorofa ya ngapi, na msimamizi wa hiyo nafasi anaitwa nani. Tapeli hukasirika akiulizwa, ofisa wa kweli hujibu. Bonyeza *106# kila baada ya kusajili laini, ujue ni laini ngapi zina jina lako.

Waheshimiwa, ombi moja kati ya haya halihitaji sheria mpya wala bajeti, nalo ni orodha ya mawakala wenye kibali hai. Mnayo ofisini. Tunaomba iwekwe hadharani Jumatatu ijayo, ikiwa na tarehe juu yake.

Ni sisi,
maofisa rasilimali watu na washauri wa ajira